Jina Langu Liko Wapi?

Juma hili nimeahirisha somo la viambishi ili nikusimulie yaliyonipata katika hafla moja ya kuchangisha fedha hapa Gisenyi. Viambishi vitajitokeza vyenyewe njiani.

Wiki nne kabla ya hafla hiyo nililetewa shuleni bahasha yenye karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya shirika dogo lisilo la kiserikali, ikiniomba niwe mfasiri wa shughuli nzima. Wageni walitarajiwa kutoka Kigali, Goma, Bujumbura na Nairobi, na waandaaji waliona kwamba Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, ndicho kingewakalisha wote meza moja. Karatasi ya pili ilikuwa orodha ya watu watano ambao wangetunukiwa vyeti kwa kuwa viongozi wa jamii waliopigania usawa. Shirika lenyewe sitalitaja, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza hayakuwa yake peke yake. Moja, ambalo naliona kubwa kuliko mengine, lilikuwa langu.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Kuchanga ni kutoa sehemu yako ili ijumlishwe na sehemu za wengine. Kuchangia ni kutoa kwa ajili ya jambo fulani. Kuchangisha ni kuwafanya wengine watoe. Ukipanda kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha tatu utaona jinsi mtendaji anavyozidi kujitenga na mfuko wake mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kejeli. Fedha za usiku ule zilikusudiwa kuwa karo za wasichana na mitaji ya wanawake wanaofanya biashara ndogo mpakani, na nani asiyejua kwamba mtaji wa mwanamke wa Petite Barrière unaweza kuliwa wote na ugonjwa wa mtoto mmoja? Wakenya hafla kama hiyo huiita harambee. Sisi Wanyarwanda tungesema tunatoa umusanzu. Kila jamii ya Afrika Mashariki ina jina lake la mkono unaopokezana na mkono.

Sasa turudi kwenye orodha. Wanaume walikuwa watatu. Mmoja aliandikwa Daktari, wa pili Mchungaji, wa tatu Mheshimiwa, na kila mmoja alifuatiwa na majina yake yote mawili. Wanawake walikuwa wawili, na wote wawili waliandikwa kwa neno Mama likifuatiwa na jina la mtoto. Nikaisoma orodha hiyo nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama ilivyo desturi ya kazi yangu, na sikuona kosa lolote. Nilisahihisha herufi kubwa mahali fulani. Nikafasiri wasifu wa kila mmoja, nikaridhika.

Unajua vizuri kwa nini sikuona kosa. Katika mitaa yetu, kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake ni adabu. Jirani yangu nimemwita hivyo miaka saba, na sidhani kama ningeweza kumwita vinginevyo bila ulimi kusita.

Siku tatu baadaye mmoja wa wanawake wale alikuja shuleni. Ni mzazi wa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, muuzaji wa karoti, vitunguu na kabeji ambazo huzivusha hadi Goma. Alikuja moja kwa moja kutoka mpakani, beseni lake tupu akiwa amelishika kwapani. Nikampa kiti, nikamsomea polepole niliyoyaandika juu yake. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa juu ya magoti, kisha akasema:

“Mwalimu, hii jina ni ya mtoto wangu. Yangu iko wapi?”

Nakiri mbele yako jambo ambalo sikumwambia yeye. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la ngeli. Nilitaka kumwambia kwamba jina ni neno la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo tunasema jina hili ni la mtoto wangu, langu liko wapi. Hicho ni Kiswahili cha mpakani, kinachosemwa Goma na Gisenyi sawasawa, na mimi hulipwa ili kukinyoosha. Wazo la pili lilichelewa kidogo, na lilipofika lilinichoma. Sentensi yake haikuwa na upungufu wowote wa maana. Mimi mwenye stashahada ya ualimu nilikuwa nimeandika aya nne kuhusu mtu bila kumtaja, na sikugundua.

Nikamwuliza jina lake. Akalitaja yote mawili, la Kinyarwanda na la ubatizo. Kisha nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza kabla ya kuandika chochote: mama, ulifanya nini hasa hata watu hawa wakakuchagua? Maana karatasi ya kamati ilisema tu kwamba “amechangia maendeleo ya wanawake,” maneno ambayo unaweza kumvika yeyote kama joho la mahafali la kukodi.

Akaniambia. Mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Yeye na wanawake wenzake kumi na watatu walikuwa na ikimina, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. (Pwani wangekiita upatu, ingawa upatu ni wa zamu; Tanzania bara utasikia kikoba, Kenya chama, na ukivuka hatua chache hadi Goma utasikia likelemba. Yaandike yote katika daftari lako.) Akiba ile ikaliwa nyumbani mwezi baada ya mwezi. Biashara iliporuhusiwa tena kidogo kidogo, hawakuweza kuvuka wote kila mmoja na beseni lake. Ilibidi bidhaa zikusanywe pamoja na wachache wawasimamie wengine. Wote kumi na wanne wakabaki wakitazamana. Nani angekabidhiwa karoti za mwenzake, na nani angeaminiwa kurudi na fedha kamili? Wakamchagua yeye. Alinunua daftari, akaandika jina la kila mmoja, kilo alizotoa na fedha alizopokea. Kwa miezi mingi hakuna aliyelalamika.

“Na kabla ya hapo,” akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, “palikuwa habari ya kikombe.”

Habari ya kikombe ni hii. Mmoja wa wanawake waliotaka kujiunga na ikimina alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Msomaji wa Rwanda ameshanielewa. Kwa wewe unayejifunza Kiswahili ukiwa mbali, nitakwambia kwamba kati yetu wapo watu ambao lugha rasmi ya nchi huwaita walioachwa nyuma na historia. Kwa karne nyingi wengine walikataa kula nao chungu kimoja, hata walipokuwa wakipikia katika vyungu vilivyofinyangwa na mikono yao. Wanachama wawili walisema mfinyanzi apokelewe, lakini wakikutana aje na kikombe chake. Mama huyu hakutoa hotuba. Kikao kilichofuata alileta kikombe kimoja tu kwa wote, akamnywesha mfinyanzi kwanza, akanywa yeye, akakipitisha. Mwanachama mmoja aliondoka na hakurudi. Wengine walikunywa.

Hilo halikuwamo katika wasifu niliopewa. Na hafla yenyewe, kwa mujibu wa barua, ilikuwa ya “usawa wa rangi na jinsia.”

Hapo pana tatizo lingine la tafsiri, na sikulipatia ufumbuzi mzuri. Barua ya mwaliko ilitungwa na wafadhili wa nchi za mbali, ambako anayebaguliwa hutambuliwa mara nyingi kwa rangi ya ngozi. Kwetu hapa ukisema rangi, mtu atatazama ukuta. Kabila nalo haliingii, kwani kabila huwa na lugha yake na nchi yake, na sisi sote tuna lugha moja na vilima vilevile. Kinyarwanda kina neno ubwoko, lenye maana ya aina, na ambalo tangu zamani lilitumika pia kwa ukoo. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ukaligandisha neno hilo katika vitambulisho: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mwaka 1994 neno moja lililoandikwa katika kipande cha karatasi liliamua, kwenye vizuizi vya barabarani, nani apite na nani auawe. Vitambulisho vya leo havina neno hilo. Basi nifasiri vipi? Niliandika “usawa wa watu wote, bila kujali asili wala jinsia.” Ni tafsiri ya woga kidogo. Bado sina bora zaidi.

Kamati ilitaka pia usiku ufunguliwe kwa kumkumbuka mtu wa Gisenyi, na kazi hiyo nikapewa mimi. Sikuhitaji kufikiri muda mrefu. Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934. Alikuwa mwalimu, akawa mmoja wa wanawake walei waliojitoa kwa utume wa Kanisa Katoliki, na mwaka 1994 alikuwa akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro hapa mjini. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, aliwapokea waliokuwa wakiwindwa, akawasaidia baadhi yao kuvuka mpaka kuingia Goma. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na angeweza kupita kizuizi chochote. Ndugu yake wa kiume, kanali wa jeshi, alimtumia ujumbe awaache watu wale ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba kuliko kuokoka kwa kuwaacha watu 43 waliokuwa chini ya uangalizi wake, alichagua kufa pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 walipelekwa kwenye makaburi yaitwayo Commune Rouge, naye akauawa huko.

Nilipokuwa nikiandika habari hiyo kwa Kiswahili niligundua kwamba sikuhitaji kivumishi hata kimoja. Jaribu nawe. Weka “shujaa,” weka “jasiri,” weka “mwenye moyo wa dhahabu,” utaona sentensi zinalegea. Taifa limemweka katika daraja la mashujaa waitwao Imena, na kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, anatajwa kwa jina lake kamili. Katika daraja hilohilo yumo Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa Rwanda mwaka 1993, akauawa tarehe 7 Aprili 1994. Alipokuwa waziri wa elimu aliufuta utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kufuata ubwoko, ili mwanafunzi aingie kwa alama zake. Kabla ya hayo yote, alipokuwa akifundisha Butare, alianzisha mwaka 1986 chama cha kuweka na kukopa kati ya wafanyakazi wenzake. Yumo ikimina yule naye! Nilipomweleza hivyo mama wa karoti alicheka kwa mara ya kwanza.

Nilikwenda kwa kamati na maombi mawili: majina ya wanawake yaandikwe kamili, na vyeti vitolewe kabla ya ahadi za fedha, si baada yake. Ratiba iliweka ahadi saa mbili usiku na vyeti saa nne. Anayevuka mpaka alfajiri hawezi kukaa ukumbini hadi saa nne, akisubiri kutunukiwa mbele ya viti vilivyokwisha kuachwa na wenye magari.

Mtunza hazina wa shirika alinijibu kwa upole, na sikumwona kuwa mtu mbaya. Alisema wafadhili wakubwa wangerudi Kigali usiku uleule, na barabara ya milimani ni ndefu. Kwamba bila wao hakuna karo wala mtaji. Kwamba cheti hakiliwi. Kuhusu majina alisema vyeti vilikwisha chapishwa. Tukavutana kidogo. Mwishowe tulikubaliana kwamba vyeti vitangulie chakula na kila mtu azungumze dakika mbili, nami nitamke majina kamili hata kama karatasi inasema vingine.

Nikatoka pale nikijiuliza jambo ambalo nakuachia nawe. Katiba ya mwaka 2003 iliagiza wanawake wapewe angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Uchaguzi wa mwaka 2008 uliwaingiza wanawake 45 kati ya wabunge 80, na ule wa 2013 wakawa 51. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Katika nchi yenye sheria hizi zote, watu wa kamati, wanaume kwa wanawake, tena wanaopigania usawa kwa mshahara, waliketi wakaandika orodha ile, na mwalimu aliye mwanamke akaipitisha kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa wapi sote?

Usiku wa hafla ulifika. Ukumbi ulikuwa kando ya ziwa, na madirisha yalionyesha taa za wavuvi majini. Nilisoma habari ya Félicité. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru. Daktari alizungumza dakika tisa. Mchungaji alifupisha kwa kiasi cha wachungaji. Kisha nikamwita mama wa karoti kwa majina yake mawili, na meza ya wanawake wa sokoni, karibu na mlango, ikageuka kutazama ni nani huyo anayeitwa. Wengine walikuwa hawalijui.

Alipanda jukwaani na daftari lake. Sijui ni lile la mwaka 2020 au jingine. Akawasalimu watu, akafungua, akaanza kusoma majina. Majina kumi na manne, yote mawili ya kila mmoja, la kwake likiwa la saba, mahali alipojiandika tangu mwanzo, na la mfinyanzi likiwa la kwanza. Nilisimama kando yake na kipaza sauti cha mfasiri nikiwa sina la kufasiri. Alipomaliza alisema kwa Kiswahili chake, “Hii kazi ni ya hawa,” akafunga daftari. Hazikufika dakika mbili. Nami nikarudia kwa sanifu, “Kazi hii ni ya hawa,” kwa mazoea tu. Wote walikuwa wameshaelewa.

Baada ya chakula zilifuata ahadi. Hapa lazima nikupe jambo moja dogo kwa sababu lilinichekesha. Mgeni mmoja alitoa ahadi kubwa, na mshereheshaji, katika harara ya kutafuta ahadi nyingine, akasahau kumtaja. Bwana yule alinyoosha mkono mara mbili. Mwishowe akasimama na kuuliza kwa sauti, “Na jina langu?” Likatajwa, akaketi ameridhika. Nilimtazama mtunza hazina naye akanitazama. Fedha zile zilikuja kweli, na wasichana ninaowafundisha wamelipiwa karo kwa hizo. Simsemi vibaya bwana yule. Pwani, mtu akipendezwa na taarabu humtunza mwimbaji kwa noti mbele ya watu wote, na hakuna anayemlaumu kwa kutaka aonekane.

Utauliza mbona mimi mwenyewe nimeandika maneno yote haya bila kumtaja mama huyu. Nilimwomba ruhusa. Akasema jina lake analitaka kwenye cheti na kwenye ukuta wake, bali si kwenye intaneti, kwa sababu biashara ya mpakani ina macho mengi. Basi nimemtii, nikijua unavyoonekana utii huo.

Cheti alichopewa usiku ule kiliandikwa Mama, kikifuatiwa na jina la mtoto. Alikitazama chini ya taa ya baraza, kabla ya kupanda pikipiki, akaniuliza kama nina kalamu. Nilikuwa na ile nyekundu. Akakiweka juu ya daftari, akaandika majina yake chini ya yale ya chapa, herufi kubwa, bila haraka, dereva akimsubiri.

Miezi miwili baadaye kamati ilichapisha kingine, safi, chenye jina sahihi, nikampelekea sokoni. Alikishukuru, akakitia ndani ya daftari pamoja na stakabadhi zake. Kilichobandikwa ukutani kwake, nilipokwenda kumtembelea Desemba, ni kile cha kwanza chenye wino mwekundu.